Shahidi na Kauli Yake: Kazi ya Mohamed Amin katika Televisheni

Kiswahili hakimwiti mtu shahidi kwa sababu tu aliliona jambo. Aliyeona akanyamaza ni mtazamaji. Shahidi ni yule aliyeona, akaitwa, akasimama, na kuyatamka aliyoyaona mbele ya watu wanaoweza kumwuliza na kumbishia. Maana hiyo, ambayo neno lilikuja nayo kutoka Kiarabu na kuizamisha mizizi yake katika mahakama za makadhi na mabaraza ya wazee, ndiyo itakayotumika hapa kuwa mizani ya kuipimia kazi ya Mohamed Amin, mpigapicha na mtayarishaji wa filamu za televisheni aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kufariki mwaka 1996. Sifa anayopewa mara kwa mara ni sifa ya jicho: kwamba aliona mapema, aliona kwa karibu, na aliona pale wengine walipoogopa kutazama. Sifa hiyo ni ya haki. Swali la makala haya, hata hivyo, si la jicho bali ni la ulimi. Aliyoyaona Amin yalisemwa na nani, kwa lugha gani, na mbele ya baraza lipi?

Maisha yake yanajulikana kiasi cha kutohitaji kurudiwa kwa urefu. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab, na baba yake alifanya kazi katika reli. Amin alikulia Dar es Salaam, mji ambao Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya sokoni, ya bandarini na ya uwanja wa mpira, na hapo ndipo alipoanza kupiga picha akingali mwanafunzi. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, alianzisha kampuni yake ya Camerapix katika mji huo huo. Mtu wa asili hiyo na malezi hayo alikuwa na zaidi ya lugha moja ya kusimulia. Jambo hili hapana budi likumbukwe, kwa kuwa mjadala unaofuata ungekuwa mwepisi mno kama ungemhusu mgeni aliyeshuka kutoka katika ndege, akapiga picha siku tatu, kisha akarudi kwao.

Ili kuelewa ni kwa nini kauli yake haikusikika, inafaa kuanza na utaratibu wa kazi yenyewe. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Amin aliifanyia kazi Visnews, shirika la London lililokuwa likikusanya habari za picha kutoka pande zote za dunia na kuviuzia vituo vya televisheni. Bidhaa ya shirika la namna hiyo ilikuwa ni picha isiyo na msimulizi. Mpigapicha alituma filamu, na baadaye kanda ya video, pamoja na sauti za mahali pale pale: mlio wa magari, vilio, risasi, upepo. Pamoja na picha hizo alituma karatasi ya maelezo iliyotaja mahali, tarehe, na mfululizo wa yaliyomo. Kituo kilichonunua kiliandika maneno yake chenyewe na kumpa msomaji wake ayasome. Basi filamu moja iliyopigwa Unguja au Kampala iliweza kusemeshwa kwa Kiingereza cha London, Kijerumani cha Hamburg na Kijapani cha Tokyo jioni ile ile moja, na kila mahali ikasema neno jingine. Ukimya wa mpigapicha ulikuwa sharti la biashara. Picha ikiwa imekwisha kufungwa na maneno ya mtu mmoja haiuziki kwa watu mia.

Yaani mgawanyo wa kazi kati ya jicho na ulimi haukutokana na tabia ya Amin wala na kasoro yake. Ulikuwa umeundwa kabla yake, na alipoingia katika kazi hiyo aliukuta umekwisha kaa. Lakini mgawanyo huo una ramani yake. Jicho lilikuwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Ulimi ulikuwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mhakiki wa lugha hawezi kuupita mpangilio kama huo akidhani ni jambo la mafundi mitambo tu.

Mfano wa kwanza ni Unguja. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Amin alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa mwanzo kufika, na picha zake zikawa katika chache zilizoonyesha nje ya visiwa sura ya siku zile. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, alikamatwa huko huko Unguja baada ya kupiga picha za mafunzo ya kijeshi yaliyosimamiwa na wataalamu kutoka nchi za kikomunisti za Ulaya. Aliwekwa kifungoni takriban wiki nne, akateswa, kisha akafukuzwa nchini na kuhamia Nairobi. Wanaosimulia habari hii huisimulia kama kisa cha ushujaa, nao ushujaa ulikuwamo. Lakini kuna upande mwingine usioangaliwa. Visiwa vile vilikuwa na watu waliozungumza Kiswahili kinachohesabiwa kuwa kiini cha lugha sanifu. Nyuso zilizomo katika picha zile zilikuwa za watu waliokuwa na maneno ya kueleza furaha yao, hofu yao na hasara yao, kila upande kwa namna yake. Katika taarifa za ulimwengu watu hao hawakupata nafasi ya kuyasema. Waliosemwa juu yao walikuwa wachambuzi waliohesabu ni nchi zipi za Afrika zilizoelekea mashariki na zipi zilizobaki magharibi. Mtu aliyesimama mbele ya kamera kwenye barabara ya Ng'ambo akawa kielelezo cha vita baridi.

Mfano wa pili ni wa Nairobi. Tom Mboya alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, Amin alifika upesi na akaendelea kupiga picha ndani ya gari la wagonjwa huku jitihada za kumwokoa zikifanywa. Hapa hali ni tofauti kidogo, kwa sababu Wakenya hawakuhitaji msimulizi wa kuwaeleza walichokuwa wakikiona. Msiba ulikuwa wao. Picha ziliingia katika mazungumzo yaliyokuwa tayari yamejaa mitaani, kanisani, kwenye mabasi, kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuyu na lugha nyinginezo, na mazungumzo hayo yakazipa maana nzito kuliko maandishi yoyote ya shirika la habari. Tukio hili linaonyesha kwamba ukimya wa picha si ubaya kwa wakati wote. Ukimya ni salama pale ambapo watazamaji wanaujua msiba. Hatari huja pale ambapo watazamaji hawajui lolote, na anayewaeleza naye amefika jana.

Hapo ndipo mjadala unapofika Korem.

Mwezi Oktoba 1984 Amin alikwenda kaskazini mwa Ethiopia pamoja na Michael Buerk wa televisheni ya BBC na Mike Wooldridge wa redio ya shirika hilo. Picha alizopiga Korem na Mekele zilitangazwa London tarehe 23 Oktoba, na siku hiyo hiyo zikaonyeshwa na kituo cha NBC nchini Marekani. Hatimaye, kwa hesabu inayotajwa sana, zilirushwa na vituo 425 na kutazamwa na watu milioni 470. Kilichofuata kinajulikana: wimbo wa wanamuziki wa Uingereza mwezi Desemba, wimbo wa wenzao wa Marekani mwaka uliofuata, na tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 lililofanyika London na Philadelphia kwa siku moja. Fedha nyingi zilikusanywa na maisha ya watu wengi yaliokolewa. Mhakiki anayeanza kwa kulidharau hilo angefaa kunyamaza.

Taarifa yenyewe ilikuwa ya dakika saba hivi. Ukiitazama bila sauti, jambo la kwanza linaloshangaza ni utulivu wa kamera. Amin hakimbii. Picha ya mwanzo inapita polepole juu ya uwanda wenye ukungu wa alfajiri, na kile kilichodhaniwa kuwa ardhi kinaanza kusogea, kwa kuwa ni watu waliojifunika shuka. Kisha kamera inashuka na kukaa kwenye kimo cha macho ya aliyeketi. Haimtazami mtu kutoka juu. Inangoja. Mama anayemshika mtoto anapewa muda ule ule ambao televisheni huwapa mawaziri. Katika adabu ya Kiswahili mtu anayefika penye msiba huketi chini, hasimami akawaangalia wafiwa kwa juu. Na ijapokuwa haingefaa kudai kwamba Amin aliyafikiria hayo alipokuwa akipiga picha, mkao wa kamera yake ni mkao wa mtu aliyelelewa katika adabu ya namna hiyo. Hii ni kauli, japo haina maneno. Ni bora sehemu hii ya kazi yake ichunguzwe na wanafunzi wa fani kwa makini ambayo haijapewa bado.

Ukiongeza sauti, filamu inakuwa nyingine. Maneno yaliandikwa na kusomwa na Buerk, naye aliyaandika kwa ustadi mkubwa. Ni machache, yana mizani, na yanajua kunyamaza mahali panapohitaji. Lakini yanapotafuta mfano wa kuufananisha msiba ule, yanakimbilia Biblia. Njaa ya mwaka 1984 inafananishwa na njaa za Maandiko, na kwa mfano huo Ethiopia inatolewa katika karne ya ishirini na kupelekwa katika zama zisizo na serikali, wala jeshi, wala bei ya nafaka. Njaa za Maandiko hushushwa. Njaa ya Tigray na Wollo haikushushwa tu. Ukame ulikuwapo, lakini ilikuwapo pia vita kati ya serikali ya Mengistu Haile Mariam na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, mashamba na masoko yaliyoharibiwa, barabara zilizofungwa, na serikali iliyokuwa imetoka kusherehekea mwezi Septemba mwaka ule miaka kumi ya mapinduzi yake. Wahakiki wa Uingereza wenyewe wameliandika hili baadaye, wakilalamika kwamba vita havikupewa nafasi vilivyostahili katika taarifa zile. Tamathali moja ya usemi ilifanya kazi kubwa ya kuficha. Wanaofundisha balagha wasiache kuutumia mfano huu darasani.

Kuna la pili. Katika taarifa hiyo anayehojiwa na kueleza kinachotokea ni daktari wa shirika la misaada kutoka Ulaya. Wenyeji wanasikika, lakini wanasikika kama sauti ya mahali: kilio, kikohozi, maombi. Yale waliyokuwa wakiyasema, kwa Kitigrinya au Kiamhari, yameachwa katika ile tabaka ya sauti ambayo mafundi huiweka pamoja na upepo. Mtu anayezijua lugha hizo angeweza kusikia majina yakiitwa. Asiyezijua alisikia huzuni tupu. Hivyo ndivyo lugha nzima inavyoweza kugeuzwa kuwa mlio, bila mtu yeyote kukusudia ubaya na bila neno lolote la dharau kutamkwa.

Wapo watakaosema kwamba picha zile zilikuwa na nguvu yake zenyewe, na kwamba msimulizi yeyote angeleta matokeo yale yale. Hoja hii ina jibu katika historia ya Ethiopia yenyewe. Mwaka 1973 Jonathan Dimbleby wa televisheni ya Uingereza alitengeneza filamu juu ya njaa ya Wollo iliyofichwa na serikali ya mfalme Haile Selassie. Kwa watazamaji wa Uingereza filamu hiyo iliomba msaada, nao wakatoa. Tarehe 11 Septemba 1974, jioni ya kuamkia siku mfalme alipoondolewa, wanajeshi waliokuwa wakitwaa madaraka waliionyesha katika televisheni ya Addis Ababa ikiwa imehaririwa upya, picha za wenye njaa zikipishana na picha za karamu na anasa za ikulu. Watu wa Wollo walikuwa wale wale na nyuso zao ni zile zile. London zilikuwa ombi. Addis Ababa zilikuwa hati ya mashtaka. Haisemwi hapa kwamba wanajeshi wale waliitumia picha kwa usafi wa moyo, kwani miaka kumi baadaye wao wenyewe ndio waliokuwa wakificha njaa. Kinachosemwa ni kwamba picha haina maana iliyokwisha kamilika. Hukamilishwa na anayeiweka karibu na picha nyingine na anayeisemesha. Kwa hiyo swali la nani aliyezisemesha picha za Amin si swali la mapambo.

Mpaka hapo lawama, kama ipo, ni ya mfumo. Lakini Amin hakuwa mpigapicha wa kuajiriwa tu. Alikuwa mwenye kampuni, mchapishaji na mtayarishaji, na katika kazi hizo alikuwa na mamlaka juu ya maneno. Alichokifanya na mamlaka hayo ndicho kinachomhusu zaidi msomaji wa Kiswahili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Camerapix ilitoa vitabu vingi vya picha: cha safari ya kuhiji Makka mwaka 1978, cha Ziwa Turkana mwaka 1981, vya safari za kupitia Kenya, Pakistan na Tanzania, cha reli ya Afrika Mashariki, cha Wamaasai. Picha zake ni bora na kazi ya uchapaji ni safi. Maandishi yake ni ya Kiingereza, mengi yakiwa yameandikwa na Brian Tetley, na yanamlenga msomaji anayefika kwa ndege au anayepumzika hotelini. Kitabu cha Tanzania ni mfano wa kusikitisha kidogo. Nchi iliyokuwa imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya serikali, bunge na shule za msingi inapitiwa kutoka mwisho hadi mwisho na mtu aliyekulia ndani yake, na hailetewi neno moja refu kwa lugha yake.

Filamu yake ya mwaka 1985 juu ya njaa inaitwa African Calvary. Jina hilo linastahili kutuliwa macho. Mtayarishaji ni Mwislamu, aliyewahi kupiga picha ndani ya Makka penyewe, na nchi inayosimuliwa ina Wakristo wa kanisa la kale pamoja na Waislamu wengi. Lakini jina linachukua kilima cha kusulubiwa na kulibandika bara zima. Ni ile ile tamathali ya Buerk imerudi, safari hii katika mkono wa Amin mwenyewe. Pengine aliichagua kwa kuwa aliwajua wanunuzi, nao walikuwa watu wa Ulaya na Marekani. Inawezekana pia kwamba baada ya kusikia picha zake zikisemeshwa hivyo na dunia nzima alianza kuzisikia hivyo mwenyewe. Vyovyote iwavyo, hapa jicho lilipata ulimi, na ulimi ukatamka maneno ya kuazima.

Uamuzi wa kuandika na kusimulia kwa Kiingereza ungeweza kutetewa kwa hesabu, na utetezi huo usipuuzwe. Nani angeinunua filamu ya hali halisi iliyosimuliwa kwa Kiswahili katika miaka hiyo? Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na Sauti ya Kenya ilipokuwa mali ya serikali tangu mwaka 1964 ilibaki kuwa kituo pekee kwa muda mrefu. Unguja ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka katikati ya miaka ya 1990. Soko la Kiswahili lilikuwa redio. Mfanyabiashara aliyekuwa na mishahara ya kulipa hakuwa na sababu ya kulijenga soko ambalo serikali mbili hazikulijenga.

Na huko kwenye kituo hicho kimoja cha Kenya kulikuwa na mgawanyo mwingine wa lugha ambao umedumu sana. Kiswahili kilisoma habari na kikachekesha. Vioja Mahakamani na Vitimbi vilipendwa kuliko vipindi vingine, na kwa haki, kwani waigizaji wake walikuwa na sikio kali la lafudhi na methali. Lakini kipindi kilipotaka kueleza jinsi ziwa linavyokauka, jinsi reli ilivyojengwa au kwa nini watu wana njaa, aghalabu lugha ilibadilika ikawa Kiingereza. Mtazamaji akafundishwa, bila kuambiwa, kwamba lugha yake ni ya vichekesho na matangazo, na kwamba ufafanuzi una lugha nyingine. Athari ya mafunzo hayo bado ingalipo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeombwa leo kuandika usimulizi wa filamu ya hali halisi kwa Kiswahili mara nyingi huandika kwanza kwa Kiingereza, kisha akatafsiri, na sentensi zake zikatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Si kwamba lugha ilikosa kielelezo. Usimulizi wa aliyeshuhudia ni fani ya zamani katika Kiswahili. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani vya mwaka 1888 na miaka iliyofuata, vita vilivyotokea katika zama zake na katika nchi yake. Abdul Karim bin Jamaliddini naye alitunga juu ya Maji Maji. Utenzi wa namna hiyo una taratibu zake: huanza kwa dua, humtaja mtungaji, hutaja mahali, hutaja waliokuwapo kwa majina, hupokezana kauli za watu waliosemezana, na hauoni haya kusema nani alikosea. Msimulizi ana mahali anaposimama, na msikilizaji anapajua. Hizo ndizo sifa zilizokosekana katika usimulizi uliofungwa kwenye picha za Korem, ambao sauti yake hutoka juu, haina mahali, na haimtaji mwenyeji kwa jina. Haidaiwi hapa kwamba taarifa ya televisheni ingetungwa kwa mizani minane. Linalodaiwa ni kwamba kanuni ya kuwataja watu, kuwapokezanisha kauli na kuonyesha mahali pa kusimama ilikuwapo tayari katika lugha ambayo Amin aliisikia tangu utotoni Dar es Salaam, na haikuhitaji kuletwa na wataalamu.

Kwa upande mwingine ingekuwa dhuluma kumdai mtu mmoja alipe deni la wengi. Amin hakuwa mwandishi, wala hakujidai kuwa. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vilikuwa na idara za Kiswahili na za fasihi katika miaka yote hiyo, vikachambua riwaya, tamthilia na ushairi huru kwa bidii ya kusifika, huku vikiiacha televisheni kama kwamba si matumizi ya lugha. Mabishano ya ushairi wa mapokeo na ushairi wa kisasa yalijaza kurasa nyingi. Karibu hakuna aliyeuliza sentensi ya Kiswahili inapaswa kuwa na urefu gani ikisomwa juu ya picha inayokaa sekunde nne, ilhali kitenzi cha Kiswahili, kinachobeba nafsi, wakati, mtendwa na kauli katika neno moja, kinafaa mno kwa kazi hiyo. Neno moja kama "wamemzikia" humaliza habari ambayo lugha nyingine ingehitaji maneno matano kuieleza, nalo humwachia mtazamaji nafasi ya kumtazama aliyefiwa.

Miaka ya mwisho ya Amin ilikuwa migumu. Mwezi Juni 1991, siku chache baada ya serikali ya Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa alipokuwa akipiga picha. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia uliorekebishwa uweze kushika kamera, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa katika ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ndege hiyo ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Amin alikuwa mmoja wao, na Brian Tetley, aliyekuwa ameandika maneno ya vitabu vyake vingi, alikuwa katika ndege hiyo hiyo na akafa pamoja naye.

Mwanawe, Salim Amin, aliendeleza kampuni, na mwaka 2006 ikatolewa filamu iitwayo Mo & Me, ambayo mwana anamtafuta humo baba aliyemjua zaidi kwa picha kuliko kwa mazungumzo. Filamu hiyo ni ya Kiingereza pia, lakini ina jambo ambalo kazi za baba hazikuwa nalo: msimulizi anayesema ni nani, anahusiana vipi na anayesimuliwa, na ana kinyongo gani. Kwa kipimo cha ushahidi kilichotumika hapo juu, ni hatua kubwa.

Imebaki hazina ya picha, kubwa mno, iliyohifadhiwa Nairobi, na sehemu yake imewekwa katika intaneti ambapo mtu yeyote anaweza kuitazama. Chini ya kila picha kuna maelezo mafupi ya Kiingereza. Viongozi wametajwa kwa majina na vyeo. Wengine ni umati, ni mama, ni mtoto, ni mvuvi, ni askari. Baadhi ya waliopigwa picha katika miaka ya 1960 kule Dar es Salaam, Unguja na Nairobi wangali hai, na wengine wana watoto na majirani wanaozikumbuka nyuso zao. Wazee hao wanaweza kuketi mbele ya picha na kusema huyu ni fulani, hapa ni mahali fulani, siku hiyo kulikuwa na jambo fulani, na kusema kwa Kiswahili cha mtaa wao, chenye msamiati wa mavazi, vyombo, vyeo na vikundi ambao kamusi bado hazijauingiza wote. Kazi hiyo haihitaji kamera. Inahitaji daftari, kinasa sauti, mwanafunzi mwenye adabu ya kungoja, na haraka kiasi, kwa kuwa aliyekuwa na miaka ishirini mwezi Januari 1964 amekwisha vuka themanini.